Zamu ya Bahasha ya Rejista

Chini ya kitanda chetu kulikuwa na masanduku mawili ya bati. Moja lilikuwa langu, nililokuja nalo nikiolewa, na ndani yake niliweka leso na shuka za wageni. La pili lilikuwa la mume wangu, na halikuwa na nguo hata moja. Lilikuwa na bahasha.

Sikuzipenda bahasha zile. Sikuzichukia pia. Mume wangu alikuwa fundi wa mawe, na simiti ilikuwa imemkausha vidole mpaka vikapasuka. Jioni akishakula alinawa hadi viwiko, akajikausha vizuri, akalivuta sanduku, akazitandaza bahasha zake kitandani na kuzitazama moja moja. Mimi nilikaa karibu naye nikichambua maharagwe. Tuliishi hivyo miaka mingi, na kama ningeulizwa wakati ule ningesema hakuna kitu hapo cha kusimuliwa.

Watu wakisikia mtu anakusanya vitu vya posta hudhani ni stempu. Yeye hakuwa mtu wa stempu. Stempu ya kubandika, alisema, ni mgeni tu kwenye bahasha; iloweke majini na itaondoka. Alitaka bahasha iliyozaliwa na stempu yake, ile ambayo posta walichapa stempu juu ya karatasi yenyewe kabla ya kuiuza. Alikuwa na barua za anga pia, zile karatasi nyembamba za buluu unazoandika ndani kisha unazikunja zikawa bahasha zenyewe. Alikuwa na kadi za posta za zamani, ngumu, za rangi ya uji wa wimbi. Zote alizigawa mafungu mawili. Fungu moja aliliita safi, yaani ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziandika. La pili aliliita zilizosafiri, na hizo alizipenda zaidi kama muhuri wa posta ulisomeka vizuri: Embu, Chuka, Muthara, Maua. Watoto wetu walipokuwa wadogo walijua sheria za sanduku kabla ya kujua sala ya chakula. Usikate. Usilambe. Usiandike.

Mimi niliishia darasa la saba na yeye hakufika hapo, lakini majina ya posta ndogo ndogo za Meru na Embu aliyajua yote, hata zile zilizofungwa. Alijenga sana huko Meru. Akipata kazi Tigania au Igembe alikuwa anakaa mwezi mzima, na akirudi alikuwa na unga wa mahindi, ndizi, na bahasha mbili tatu ndani ya Biblia zisikunjike.

Huko Maua ndiko alikompata rafiki yake, mwenye bucha.

Ile habari niliisikia mara nyingi kutoka kwa wote wawili, na haikuwa sawa, kwa hivyo nitaeleza pale ambapo walikubaliana. Mume wangu alikuwa anamjengea mwenye bucha ukuta wa nyuma. Saa ya chakula akanunua nyama ya kuchoma, na mwenye bucha akavuta karatasi kutoka kwa rundo kubwa ili amfungie. Lile rundo alikuwa amelinunua kwa kilo kutoka duka la zamani lililokuwa linafungwa: risiti, magazeti, barua za biashara, kila kitu. Mume wangu akaona mkono wenye mafuta ukishika kitu, akapiga kelele:

"Weka chini hiyo!"

Mwenye bucha akadhani ni nyoka. Akaruka. Mume wangu akainama juu ya rundo na kuitoa bahasha kubwa, ya karatasi nzito iliyoshikiliwa na kitambaa kwa ndani, yenye mistari ya buluu inayokatizana mbele kama kamba ya kifurushi. Ilikuwa bahasha ya rejista, ya kupelekea vitu vya thamani kwa posta, ya wakati wa mkoloni. Stempu yake haikuwa mbele. Ilikuwa imechapwa nyuma, kwenye ulimi wa kufungia, na ukiipapasa ulikuta kichwa cha mfalme kimeinuka kidogo. Haikuwa imeandikwa. Haikuwa imelambwa. Ilikaa miaka yote hiyo katikati ya risiti za sukari na mafuta ya taa, na ilikuwa safi kama imetoka posta asubuhi hiyo.

"Nitainunua," mume wangu akasema.

"Siuzi," akasema mwenye bucha, ambaye dakika moja kabla alitaka kuifungia mbavu. "Mtu anapiga kelele hivyo kwa karatasi, hiyo si karatasi ya kuuza."

"Bila mimi ungeipaka mafuta."

"Karatasi ni yangu."

"Jicho ni langu."

Walibishana mpaka ukuta ulipokwisha. Mwishowe wakakubaliana kuwa bahasha ni ya wote wawili na itakaa kwa zamu. Januari hadi Juni itakaa kwetu Kibugu. Julai hadi Desemba itakaa Maua. Na kwa sababu ya ubishi ule mwenye bucha naye akaanza kukusanya. Akawa anapekua karatasi zake zote kabla ya kufungia watu nyama, mpaka wateja wakaanza kulalamika kwamba wanachelewa.

Mimi kilichonichekesha ni kwamba wanaume hawa wawili, waliopenda posta kuliko watu wa posta wenyewe, hawakukubali hata mara moja kuituma bahasha ile kwa posta. Ikifika Januari mwenye bucha alikuja kwetu mwenyewe, amejifunika koti kubwa kwa sababu ya baridi ya huku juu. Ikifika Julai mume wangu alikwenda Maua. Kukabidhiana kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza kunawa.

"Nawa tena, mikono ya mafuta," mume wangu alimwambia.

"Wewe mwenye mikono ya simiti, utaikwaruza."

Wakishanawa, anayetoa aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, akaishika kwa mikono miwili na kusema, "Amana." Anayepokea aliigeuza mbele na nyuma, akapapasa stempu kwa kidole kimoja, akasema, "Imefika nzima." Halafu ndipo tuliruhusiwa kuleta chai. Nilikuwa nasimama mlangoni na birika na kufikiri, wazee hawa.

Mume wangu aliugua mwaka jana baada ya Krismasi. Sitaeleza ugonjwa. Wodini Embu alikuwa na siku za kusema na siku za kunyamaza, na siku za kusema alinipa maagizo. Ng'ombe mweusi asiuzwe kabla hajazaa. Mti wa makadamia ulio mpakani tuliupanda sisi, si jirani. Halafu akasema:

"Ile ya rejista, Julai ni zamu yake. Usisahau."

"Utaipeleka mwenyewe."

"Julai," akasema. "Na usiikunje."

Aliondoka mwezi wa Machi, mvua ikiwa haijaanza.

Siku ya mazishi, kwetu, mjane hafanyi kazi yoyote. Nilikaa chumbani na wanawake wa kanisa, na kila kitu kilipita nje bila mimi: mahema, masufuria, kipaza sauti, magari. Niliwasikia watu lakini sikuwaona. Nilitolewa tu wakati wa ibada, nikaketishwa mbele, na macho yangu hayakwenda mbali na jeneza. Namkumbuka mwenye bucha kwa sekunde chache. Alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na shamba la majani chai, na kofia yake nyeupe, na tulipoonana aliweka mkono kifuani. Aliondoka kabla ya chakula kwa sababu ya safari.

Langoni kulikuwa na meza ya rambirambi. Pale mtu anapewa bahasha, jina lake linaandikwa juu, anaweka alichokuja nacho, na baadaye majina yanasomwa ili watu washukuriwe. Msimamizi wa meza alikuwa wifi yangu, dada ya marehemu. Ni mtu wa haraka, na siku ile alikuwa anakimbia ili asilie.

Yaliyotokea pale mezani niliyajua siku iliyofuata. Tulikuwa sebuleni, mhazini wa kanisa anafungua bahasha na wifi anasoma majina, na mimi nimeketi kando na kikombe cha uji ambacho sikunywa. Walifika kwa kifurushi kidogo cha karatasi ya kaki, ile ya kufungia nyama, kimekunjwa vizuri na hakina jina.

"Na huyu?" mhazini akauliza.

Wifi akakipima mkononi. "Huyu ametoa kama nusu kilo, bila mifupa."

Watu wakacheka, hata mimi nikajikuta nimetabasamu, na nilipoinua macho ndipo nikaona kilichokuwa mezani. Katikati ya bahasha nyeupe za duka kulikuwa na nyingine za rangi ya maziwa, na kila moja ilikuwa na stempu ndogo iliyochapwa pembeni. Zilikuwa zimepasuliwa ubavuni kwa kidole. Juu yake kulikuwa na majina ya watu kwa kalamu ya wino mweusi. Familia ya jirani wa chini. Chama cha akina mama. Fundi mwenzake.

"Wifi," nikasema, "hizi bahasha mmetoa wapi?"

"Si ni kwa sanduku la ndugu yangu. Za duka ziliisha hata mchungaji hajafika. Nikakumbuka ana bahasha kibao pale chini ya kitanda, na hazina kitu ndani."

"Zile zilikuwa za kuwekwa."

"Kuwekwa mpaka lini, wifi? Mwenyewe si ameenda."

Akasikia alichosema. Aliweka mkono mdomoni na akakaa chini pale pale kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu ndugu yake afariki akalia kwa sauti. Ikabidi mimi nimbembeleze yeye. Sikumlaumu na simlaumu leo. Mtu mwingine yeyote wa huku angefanya vile vile. Bahasha tunaijua kwa matoleo na rambirambi, na mtu aliyekufa na bahasha nyingi safi, angekuwa amezitunza kwa kazi gani nyingine?

Niliingia chumbani nikalivuta sanduku. Fungu la zilizosafiri lilikuwa zima, kwa sababu hizo zilikuwa zimeandikwa tayari na hazikumfaa mtu. Fungu la safi lilikuwa limekwisha. Mfuko wa nailoni ulikuwepo, mtupu. Ile ya rejista haikuwemo.

Haikuwa mezani pia. Tulitafuta kwenye mfuko wa mhazini, kwenye mahema kabla hayajarudishwa, kwenye jalala la vikombe. Wifi hakukumbuka aliyempa. Alikuwa na foleni mpaka barabarani, aliandika bila kutazama.

Basi tukaanza kutafuta nyumba kwa nyumba, maana wako watu waliochukua bahasha wakaondoka nayo, kwa kusahau au kwa kukosa cha kuweka. Hilo la pili lilinitia aibu kuliuliza, na nilimwomba wifi aulize kwa upole. Hakujua upole. Aliingia kwenye boma la mtu na kusema, "Tumekuja kwa ile bahasha, si kwa pesa, pesa kaa nazo." Tulipata nyingine. Moja ilikuwa na namba za simu nyuma. Nyingine ilikuwa juani kwa bibi mmoja wa mtaa wa juu, ameitia mbegu za maharagwe na majivu kidogo ili wadudu wasiingie.

"Cucu, tunaomba hiyo bahasha," wifi akamwambia. Cucu ndivyo tunavyomwita nyanya huku.

"Na mbegu zangu zikae wapi? Kwa mdomo wako?"

Nilirudi siku ya pili na chupa yenye kifuniko, tukabadilishana. Bahasha ilikuwa na rangi ya majivu na imetanuka tumboni.

Zote nilizoweza kupata nilizinyoosha chini ya godoro, nikazirudisha sandukuni. Sikujua niziweke fungu gani. Hazikuwa safi, na hazikusafiri. Nikazipa mahali pao pembeni. Jioni nikaanza kuzisoma, kwanza kwa huzuni, baadaye kwa sababu nilitaka. Siku ile sikuwaona watu. Sasa niliona nani alikuja. Fundi aliyegombana na mume wangu juu ya kokoto alikuja. Mwalimu wa kijana wetu, mzee sana sasa, alikuja. Kinyozi wake alikuja. Sisemi kwamba hiyo ilinirudishia kilichoharibika. Mume wangu angeumia kuona zile mbavu zilizopasuliwa, na mimi sitamsingizia kwamba angefurahi.

Lakini ile ya rejista haikupatikana, na mvua ikaja ikaisha, na majani chai yakachipua, nikarudi shambani na kikapu mgongoni. Mikono ilichuma, na kichwa kikawa Maua. Nilifikiri nitamwambia nini. Mtu amekuwekea amana yake nyumbani kwako, na watu wako wakaigawa langoni. Mume wangu aliniagiza vitu vichache. Ng'ombe nilimtunza, akazaa. Mpaka niliulinda. Hiki kimoja ndicho alichorudia, na ndicho kilichonishinda.

Julai ilifika na baridi yake, ukungu hauondoki mpaka adhuhuri. Miaka yote mwenye bucha alikuwa anapiga simu wiki ya kwanza ya Julai. Mume wangu akiona jina lake alikuwa haitiki mara ya kwanza, makusudi, ili mwenzake apige tena na kusema, "Unajificha na mali yangu!" Julai hii simu haikulia. Nilisema, amejua. Kuna mtu amemwambia. Au amekasirika, au ameona kwamba rafiki akishakufa hakuna haja tena. Nilimpa mwezi wote. Haikulia.

Mwanzo wa Agosti nikamwambia wifi, "Naenda Maua."

"Na utamwambia nini?"

"Kwamba imepotea."

"Mwambie ni mimi."

"Nitamwambia ni sisi."

Nilibeba zile bahasha zilizopatikana, ndani ya Biblia kama yeye alivyokuwa akifanya, na debe dogo la asali. Chuka, Meru, kisha ile njia ya kupanda Tigania. Tulipopita Muthara niliitafuta posta kwa macho kwa sababu jina lake nililisoma mara nyingi kwenye mihuri, lakini gari halikupunguza mwendo na sikuiona.

Maua tulifika mchana. Wakati huo mji umetulia, magari ya miraa yameshaondoka tangu kabla ya alfajiri, na majani ya migomba waliyofungia miraa yamebaki barabarani yakikanyagwa. Bucha niliitambua kwa ukuta. Mawe yalikuwa yamekatwa kwa mkono ninaoujua, kila jiwe limelala juu ya mwenzake bila haraka. Nilisimama nikalitazama lile jengo kidogo kabla ya kuingia.

Mwenye bucha alikuwa ameketi nyuma ya kaunta amevaa koti jeupe. Aliponiona alisimama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa.

"Shemeji," akasema. "Shemeji, mbona umekuja wewe? Mimi ndiye wa kuja. Nilikuwa nije Jumatatu."

Nikadhani ni maneno ya adabu tu. Akamwita mkewe kutoka ndani, tukasalimiana, nikapewa kiti, na kabla sijapoteza ujasiri nikasema, "Shemeji, nimekuja kwa habari ya amana yenu. Haiko. Siku ya mazishi bahasha za rambirambi ziliisha, zikachukuliwa za sandukuni. Nimezitafuta zote. Hiyo sijaipata. Ni sisi tulioipoteza."

Nikaifungua Biblia ili aone nyingine zilivyokuwa, ajue kwamba sidanganyi. Hakuzitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mkewe akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwambie sasa. Nilikuambia ungempigia."

Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na kitambaa cheupe mikononi, akakiweka mbele yangu na kukifungua. Ilikuwa pale. Mistari ya buluu, karatasi nzito. Na katikati, kwa wino mweusi na kwa mwandiko wa haraka wa wifi yangu: *Rafiki wa marehemu, Maua.*

"Nilifika langoni," akasema, "yule mama akaniuliza jina. Nilikuwa natazama kule jeneza lilipo, shemeji, sikuwa namtazama yeye. Nikamwambia, andika rafiki wa marehemu, Maua. Nikasikia kalamu inakwaruza. Hiyo sauti, karatasi ya kawaida hailii hivyo. Nikatazama chini, na ilikuwa ile yetu, imekwisha kuandikwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Watu wanalia, mimi nianze kelele ya bahasha? Nikaingiza mkono mfukoni, nina karatasi zangu za dukani siku zote, nikafunga nilichokuwa nacho nikakiweka kwenye beseni la rambirambi. Hii nikaiweka ndani ya koti. Nikaondoka nayo matangani kama mwizi."

Nikakumbuka kile kifurushi cha kaki. Nusu kilo bila mifupa. Nikaanza kucheka, na nikamweleza jinsi wifi alivyosema, na mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye hakucheka mara moja.

"Lakini miezi hii yote, shemeji," nikasema. "Julai nzima nilikaa na simu mkononi. Ungenipigia tu."

"Ulikuwa katika eda."

"Mimi si Mwislamu."

"Najua wewe si Mwislamu. Mimi ndiye Mwislamu. Kwetu mjane anaachwa akae miezi yake minne na siku zake, hasumbuliwi na wanaume wa nje. Ningekupigiaje simu, mke wa rafiki yangu, tena kwa habari ya karatasi? Nilihesabu. Iliisha mwishoni mwa Julai. Nikangoja kidogo, isionekane nimekuwa nikingoja mlangoni. Nilikuwa nije Jumatatu." Akaelekeza kidole pembeni, na hapo palikuwa na kikapu kilichofungwa: sukari, tende, mche wa sabuni, na pakiti kubwa za majani ya chai.

"Umeninunulia majani ya chai," nikasema. "Mimi ninayechuma."

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama juu. "Aliniambia nunua vya mjane," akasema. "Hakusema mjane wa wapi."

Basi tukakaa. Nilikuwa nimepita miezi ile nikiona haya mbele yake, na yeye mbele yangu, kila mmoja na nusu ya habari. Nilimuuliza ukweli: je, wino unaweza kutolewa?

"Hautoki," akasema. "Ukiusugua utatoa na karatasi. Imeharibika, shemeji, tusidanganyane. Mtu wa Nairobi akiiona hata hataishika."

"Si safi, na haikusafiri."

Aliinua kichwa kusikia maneno ya mume wangu kinywani mwangu. "Haswa," akasema. "Hivyo ndivyo ilivyo." Halafu akasema jambo lililokuwa likimsumbua kweli, na halikuwa wino. "Niliichukua Machi. Zamu ilikuwa yenu bado mpaka mwisho wa Juni. Nimekaa na miezi yenu. Chukua wewe sasa, uende nayo, hesabu ikae sawa."

Nilifikiri juu ya hilo. Ningeweza kurudi nayo. Jioni ningeitandaza kitandani. Lakini mume wangu hakuniagiza nirudi nayo.

"Alisema Julai ni yako," nikamwambia. "Mimi nilitumwa kukupa. Sikutumwa kuchukua."

Mteja akaingia akataka matumbo, akaambiwa arudi baadaye. Kisha mwenye bucha akaifunika bahasha tena kwa kitambaa, akaisukuma juu ya kaunta mpaka mbele yangu.

"Basi nipe," akasema.

Mkewe alileta maji na sabuni. Nilinawa mimi kwanza, mikono yangu ina weusi wa majani chai usiotoka, nikasugua sana. Yeye akanawa, akaanza kujikausha.

"Nawa tena," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. "Mikono ya mafuta."

Alisimama na taulo mkononi, na macho yake yakajaa, na akarudi kunawa mara ya pili. Nikaichukua bahasha kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Miaka yote ile sikuwahi kuishika, niliiona tu nikiwa mlangoni na birika. Niliigeuza na kukipapasa kile kichwa kilichoinuka, kwa kidole kimoja, ili nijue walikuwa wanapapasa nini.

"Amana," nikasema.

Akaipokea. Aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akakaa muda mrefu juu ya ule mwandiko. Nilingoja, kwa maana neno linalofuata nililijua, na nilijua pia kwamba yeye si mtu wa kusema uongo.

"Imefika," akasema.

Tukanywa chai. Ilikuwa ya majani yale ya kwenye kikapu, na nilimwambia mkewe ukweli, kwamba yalikuwa vumbi tupu na kwamba nitamletea mazuri. Walinifungia nyama ya kwenda nayo, kwenye karatasi ya kaki, na mwenye bucha alinisindikiza hadi kwenye gari.

"Januari nakuja kwenu," akasema. "Kama utakubali kushika zamu ya rafiki yangu."

Nikamwambia aje, na asisahau koti.